Uzi: Chicago, mji ambao kila reli iliufikia na hakuna iliyoupita

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa nikisoma habari za reli za Marekani kwa miaka mingi, na kila ninapofika Chicago nakutana na sifa ileile, kwamba huo ndio moyo wa reli wa nchi nzima. Sifa hiyo ni ya haki, kwa kuwa hadi leo takriban robo ya mizigo inayosafiri kwa reli nchini humo ama huanzia Chicago, ama huishia Chicago, ama hupitia hapo. Hata hivyo naona husimuliwa nusu. Marekani haijawahi kuwa na kampuni moja ya mizigo yenye reli yake yenyewe kutoka pwani ya Atlantiki hadi pwani ya Pasifiki. Kampuni kubwa za mashariki zilijenga zikakomea Chicago, za magharibi zikaanzia Chicago, na kazi ya mji ikawa kupokea behewa kwa mkono huu na kulikabidhi kwa mkono ule. Utajiri wa mji ulitokana na makabidhiano hayo, na adha zake za uendeshaji, tangu ajali ya 1853 hadi msongamano wa leo, zimetokana na makabidhiano hayohayo. Hilo ndilo ningependa tulijadili.

Tuanzie mwaka 1848. Kampuni ya Galena and Chicago Union ilipata kibali cha jimbo la Illinois mwaka 1836, lakini mdororo wa uchumi uliofuata mwaka 1837 uliifanya ikae zaidi ya miaka 10 bila kuendesha treni hata moja. Aliyeifufua ni William Butler Ogden, meya wa kwanza wa mji huo. Wafanyabiashara wengi wa mjini walisita kuchangia, kwa sababu walizoea kuwaona wakulima wakija na mikokoteni hadi milangoni mwa maduka yao, na walihofu kwamba reli ingewapeleka wateja hao kwingine. Ogden na mwenzake J. Young Scammon wakazunguka vijijini wakiuza hisa kwa wakulima wenyewe, watu waliojua vizuri gharama ya kuburuta ngano kwenye barabara ya matope. Kichwa cha treni cha kwanza, kilichoitwa Pioneer, kilikuwa mtumba kutoka kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia, nacho kililetwa kwa meli kupitia Maziwa Makuu. Tarehe 25 Oktoba 1848 kilifanya safari yake ya kwanza kuelekea magharibi, na katika moja ya safari za mwanzo abiria walikutana njiani na mkulima mwenye ngano kwenye mkokoteni, wakainunua na kuipakia kurudi nayo mjini. Nalipenda tukio hilo kuliko hotuba zote za uzinduzi, kwa sababu lilionyesha mara moja reli ile ilikuwa ya nini. Reli yenyewe haikufika Galena iliyobebwa kwenye jina lake, lakini kichwa kile kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya historia ya Chicago.

Jiografia ilifanya mengine. Ziwa Michigan limelala kaskazini hadi kusini kama ukuta, na reli yoyote itokayo New York kwenda kwenye mbuga za magharibi ilipaswa kuizunguka ncha yake ya kusini, karibu kabisa na Chicago. Mwaka 1852 kampuni mbili za mashariki, Michigan Southern na Michigan Central, ziliingia mjini zikipishana kwa miezi michache tu. Mwaka 1856 Illinois Central ilikamilisha njia yake ya kilomita zipatazo 1,135, ambayo wakati huo ilikuwa ndefu kuliko reli nyingine yoyote duniani. Mji uliokuwa na watu wapatao 30,000 mwaka 1850 ulipita watu milioni moja mwaka 1890.

Katikati ya haraka hiyo ndipo ilipotokea ajali ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza historia yote iliyofuata. Illinois Central, iliyokuwa na mkataba wa kuwaingizia Michigan Central treni zao mjini, ililazimika kuikatiza reli ya Michigan Southern upande wa kusini wa mji. Michigan Southern ilikataa. Mhandisi mkuu wa Illinois Central, Roswell B. Mason, akatuma watu wakaweka makutano hayo bila ridhaa ya mwenye reli, na kuanzia hapo kila kampuni ikashikilia kwamba haki ya kupita kwanza ni yake. Hakuna aliyekubali kusimamisha treni yake kumpisha mwenzake, na hakukuwa na mamlaka ya kuwalazimisha. Usiku wa tarehe 25 Aprili 1853 treni mbili zilikutana katika makutano hayo, na watu 18 wakafariki dunia. Baada ya hapo iliamuliwa kwamba kila treni lazima isimame kabisa kabla ya kuvuka. Mahali hapo pakaitwa Grand Crossing, na kwa kuwa kila treni ilisimama hapo, mfanyabiashara wa ardhi Paul Cornell aliona faida akaanzisha makazi, nayo leo ni sehemu kamili ya mji. Mason naye alikuja kuwa meya, na ndiye aliyekuwa madarakani moto mkubwa ulipouteketeza mji mwaka 1871.

Nisisitize kwamba vifo vile havikuletwa na ubovu wa mitambo. Vililetwa na kampuni mbili zilizogawana kipande kimoja cha ardhi bila kukubaliana jinsi ya kukigawana.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, ahsante kwa maelezo. Swali langu ni moja: kama reli zote zilifika mji mmoja, ni nini kilizuia kuunganishwa hapohapo, treni ikapita moja kwa moja kutoka New York hadi California? Upana wa reli ulikuwa tofauti?

Mleta mada

Ndugu yangu, upana haukuwa kikwazo. Kampuni kubwa za Chicago zilitumia upana uleule wa milimita 1,435, na ndiyo maana behewa la kampuni moja liliweza kusukumwa kwenye reli ya kampuni nyingine. Kilichozuia ni umiliki. Kampuni ziliundwa kwa vibali vya majimbo tofauti na kwa mitaji ya watu tofauti, na kila moja ilitaka kujenga stesheni yake mahali palipo karibu na wateja wake. Matokeo yake Chicago ilikuwa na stesheni kuu sita za abiria: Dearborn ya 1885, Grand Central ya 1890, Central ya 1893, LaSalle Street ya 1903, ile ya Chicago and North Western ya 1911, na Union Station iliyofunguliwa mwaka 1925. Abiria wa safari ndefu alishuka stesheni moja, akabebwa na mizigo yake mitaani hadi stesheni nyingine, akapanda treni ya kampuni nyingine. Kampuni ya Frank Parmelee, iliyoanza mwaka 1853, iliishi karibu karne nzima kwa kazi hiyo ya kuhamisha abiria tu, kwanza kwa magari ya farasi, baadaye kwa magari ya mafuta.

Hata Union Station, ambayo jina lake linadai umoja, ni stesheni mbili zilizopeana migongo. Treni za kaskazini huingia upande wake na kukomea hapo, za kusini vivyo hivyo, na reli zinazopita upande hadi upande ni chache mno.

Mwaka 1946 Robert R. Young, mwenyekiti wa Chesapeake and Ohio, alilipia matangazo magazetini akisema kwamba nguruwe anaweza kuvuka nchi nzima bila kubadilisha treni, lakini binadamu hawezi. Kauli hiyo iliwachoma wenye reli, na mwaka huohuo kukaanza mabehewa ya kulala yaliyohamishwa na kuunganishwa kwenye treni nyingine mjini Chicago huku abiria wakiwa ndani. Haikudumu sana, kwa sababu ndege na barabara kuu zilikuwa zimeshaanza kuwachukua abiria hao.

Kwa mizigo hali ilikuwa tofauti, kwa sababu ngano na ng'ombe hawawezi kupanda gari la Parmelee, na hapo ndipo Chicago ilipobuni mambo makubwa. Tarehe 25 Desemba 1865 soko kuu la mifugo, Union Stock Yards, lilifunguliwa kusini mwa mji kwa mtaji ulioongozwa na kampuni tisa za reli, zilizochoka kuhamisha mifugo baina ya mazizi madogo yaliyotapakaa. Miaka ya 1870 Gustavus Swift aliona kwamba kumsafirisha ng'ombe mzima hadi mashariki ni hasara, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake hauliwi, tena wengine hufa au kukonda njiani. Akamtumia mhandisi Andrew Chase kubuni behewa lenye barafu juu, ambalo hewa yake baridi hushuka na kuizunguka nyama iliyoning'inizwa. Kampuni kubwa za reli zilikataa kumvutia mabehewa hayo, kwa sababu zilikwisha kuwekeza kwenye mazizi na mabehewa ya mifugo hai. Swift akaenda kwa Grand Trunk, kampuni ya Kanada ambayo haikuwa na biashara kubwa ya mifugo hai ya kuilinda, nayo ikakubali. Kwa njia hiyo mzunguko mrefu kupitia kaskazini ulibadilisha namna Wamarekani wanavyokula nyama. Soko lile lilifungwa mwaka 1971.

Jambo lingine ni saa. Kila mji ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua, na kila kampuni ilikuwa na saa ya makao yake. Katika mji ambao kampuni nyingi hupeana mabehewa siku nzima, hilo lilikuwa vurugu na hatari. Tarehe 11 Oktoba 1883 wakuu wa ratiba za reli walikutana Chicago katika hoteli ya Grand Pacific wakakubaliana kuigawa nchi katika kanda za saa, na tarehe 18 Novemba mwaka huo saa za Chicago zilirudishwa nyuma kwa takriban dakika tisa na nusu. Bunge la Marekani lilikuja kuupa utaratibu huo nguvu ya sheria mwaka 1918. Kwa miaka 35 nchi ilifuata saa iliyopangwa na watu wa reli.

Mchangiaji wa tatu

Naomba ufafanuzi kuhusu makabidhiano yenyewe. Behewa linafika kutoka California, limetoka kampuni moja na linakwenda kampuni nyingine. Kimsingi nini hufanyika?

Mleta mada

Swali zuri, na ndilo ninalolifurahia zaidi. Mwanzoni kila kampuni ilipeleka mabehewa kwa mwenzake moja kwa moja, kwa hiyo kila yadi, yaani uwanja wa reli wa kupangia mabehewa, ilikuwa na foleni ya vichwa vidogo vya treni vikienda na kurudi. Mwaka 1882 ikaanzishwa kampuni ya Belt Railway of Chicago, ambayo kazi yake ni kuunganisha kampuni nyingine pembezoni mwa mji, na baadaye zikaongezeka nyingine za aina hiyo, kama Indiana Harbor Belt. Alpheus Beede Stickney, aliyekuwa rais wa Chicago Great Western, alipendekeza yadi moja kubwa ya pamoja, akaichukulia kama ile nyumba ya mabenki, kwa Kiingereza "clearing house", ambapo hundi za benki zote hukutanishwa na kulinganishwa mara moja, badala ya kila benki kumtuma tarishi kwa kila mwenzake. Kutokana na fikra hiyo yadi ikapewa jina la Clearing, na inafanya kazi hadi leo ikiwa na urefu wa takriban kilomita tisa.

Katikati yake kuna tuta. Treni iliyofika husukumwa polepole kulipanda tuta hilo, na inapofika kileleni mabehewa hufunguliwa moja moja au kwa makundi madogo kulingana na yanakokwenda. Behewa lililofunguliwa huteremka kwa uzito wake lenyewe, bila kichwa cha treni, na njia panda za reli hugeuzwa mbele yake ili liingie kwenye reli iliyotengwa kwa ajili ya kampuni au mji fulani. Mitambo iliyofungwa kandokando ya reli huyabana magurudumu ili behewa lisigonge yaliyotangulia kwa kishindo. Kabla ya mitambo hiyo, watu walipanda juu ya mabehewa na kuyafunga breki kwa mkono yakiwa yanateremka, kwenye barafu na upepo wa majira ya baridi ya Illinois, na wengi waliumia au kufa kwa kazi hiyo. Reli moja ikijaa, mabehewa yake huunganishwa na kuwa treni mpya, kampuni ya pili inakuja kuichukua, na makabidhiano yamekamilika.

Belt Railway inamilikiwa na kampuni sita, nazo ndizo kampuni zote kubwa za mizigo zilizobaki Marekani na Kanada: BNSF, Canadian National, CPKC, CSX, Norfolk Southern na Union Pacific. Washindani wote sita wanakaa meza moja kumiliki tuta moja.

Mchangiaji wa nne

Mleta mada, nakushukuru, ila umesema sana kuhusu mabehewa na kidogo kuhusu watu. Historia ya reli Chicago bila wafanyakazi haijakamilika.

Mleta mada

Umesema kweli, na nakubali pengo hilo. Mwaka 1894 wafanyakazi wa George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala, waligoma katika kitongoji alichokijenga mwenyewe kusini mwa Chicago, baada ya mishahara kupunguzwa ilhali kodi za nyumba, ambazo yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, zilibaki palepale. Chama cha American Railway Union kilichoongozwa na Eugene Debs kikaamua kwamba wanachama wake hawatagusa treni yoyote yenye behewa la Pullman, na kuanzia tarehe 26 Juni usafiri wa reli ukalemaa katika sehemu kubwa ya nchi. Angalia sasa jinsi hoja yangu inavyorudi hapa: kampuni 24 zilizokuwa zikikutania Chicago zilikwisha kuwa na umoja wa mameneja wao, na umoja huo ndio uliouongoza upande wa waajiri. Kampuni ambazo zilishindwa kukubaliana kuhusu stesheni moja zilikubaliana haraka kuhusu mgomo. Rais Grover Cleveland alituma wanajeshi ingawa gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, alipinga, na Debs akafungwa jela.

Chama cha Debs hakikuwapokea wafanyakazi weusi, na hilo lilikuwa kosa lililokidhoofisha. Wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman walikuwa kwa sehemu kubwa sana wanaume weusi, ambao abiria wengi waliwaita wote "George", jina la tajiri wao, kana kwamba hawakuwa na majina ya kwao. Mwaka 1925 walianzisha chama chao chini ya A. Philip Randolph, na Milton Webster akaongoza tawi la Chicago. Walipigana miaka 12, na tarehe 25 Agosti 1937 wakasaini mkataba na kampuni ya Pullman, ambao pamoja na mengine ulipunguza saa za kazi kutoka karibu 400 hadi 240 kwa mwezi. Wahudumu haohao walibeba nakala za Chicago Defender, gazeti la watu weusi, hadi vijiji vya kusini mwa nchi, ambako watu waliyasoma na kusikia kwamba kaskazini kuna kazi. Reli ya Illinois Central, inayopita katikati ya Mississippi, ikawa njia ya wengi waliohama. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 watu weusi wapatao 500,000 walihamia Chicago kutoka kusini, na maelfu kwa maelfu waliikanyaga Chicago kwa mara ya kwanza katika stesheni ya Central ya barabara ya 12. Stesheni hiyo ilibomolewa mwaka 1974, na kwangu mimi hilo ni pigo kubwa kuliko stesheni nyingine yoyote iliyopotea mjini humo.

Mchangiaji wa pili

Na siku hizi hali ikoje? Nimewahi kusoma kwamba treni inaweza kutumia muda mrefu kuuvuka mji kuliko mtu angedhani.

Mleta mada

Ni kweli. Biashara ya abiria ilianguka, Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, ikachukua treni za safari ndefu tarehe 1 Mei 1971 na kuzikusanya Union Station, kampuni ya reli ya Rock Island ikafa mwaka 1980, na treni za vitongoji zikaja kuwa chini ya shirika la umma, Metra. Mizigo kwa upande wake iliongezeka, hasa makontena, lakini ilipita kwenye mtandao uleule uliochorwa na kampuni za karne ya 19. Januari 1999 theluji ya takriban sentimita 55 iliangukia mji, yadi zikaziba, na kwa kuwa kila yadi ilisubiri kupokea kutoka kwa nyingine, msongamano ukarudi nyuma hadi majimbo ya mbali. Baada ya funzo hilo kampuni zilianzisha ofisi ya pamoja ya kuratibu mwendo wa treni mjini.

Mwaka 2003 serikali na kampuni za reli zilitangaza mpango wa CREATE wa kupunguza msongamano huo, wenye miradi 70. Mmoja wake ni daraja la Englewood lililokamilika mwaka 2014, ambalo linazipitisha treni za Metra juu ya reli ya Norfolk Southern badala ya kuzifanya zisubiriane. Englewood si mbali na Grand Crossing. Kutoka ajali ya 1853 hadi daraja hilo ni miaka 161, na tatizo lililotatuliwa ni lilelile la nani apite kwanza.

Julai 2025 Union Pacific ya magharibi na Norfolk Southern ya mashariki zilitangaza nia ya kuungana kuwa kampuni moja kutoka bahari hadi bahari. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo kazi ya Chicago itakapokwisha. Mimi sioni hivyo. Treni iliyojaa makontena ya mji mmoja inaweza kupita bila kuguswa, lakini treni ya mchanganyiko, yenye behewa la mahindi la mnunuzi wa Ohio, la kemikali la kiwanda cha New Jersey na la mbao la mtu wa Pennsylvania, bado italazimika kufunguliwa mahali fulani na kupangwa upya, awe mwenye reli ni mmoja au sita, na tuta la Clearing lipo tayari.